Moshi wa pikapu: Ziba tundu kabla ya kununua bomba jipya

Na MWANDISHI WETU

NI saa tisa za usiku na baridi ya Kinangop inauma. Pikapu kuukuu ya dizeli imejazwa kabichi na viazi, tayari kuteremka hadi masoko ya Nairobi kabla ya mapambazuko. Dereva amewasha injini na kuiacha ingurume ili ipate joto. Vijana wawili wa kupakua mizigo wamejikunyata juu ya magunia, na turubai limefungwa juu yao ili kuwakinga na umande.

Wanapofika sokoni, vijana hao hushuka huku vichwa vikiwagonga, na mmoja wao anahisi kichefuchefu. Kila mmoja ana maelezo yake: usingizi mchache, baridi, njaa, au labda ni malaria. Hakuna anayeinama kuchungulia chini ya gari, ambako bomba la moshi limekatika na linatapika moshi chini ya sakafu waliyolalia.

Safari za namna hii ni za kawaida nchini. Naye mwenye gari, akipata vijisenti baada ya mauzo mazuri, hufikiria kuboresha ekzosi yake. Jirani humshauri aitupe sailensa na kuweka bomba pana lililonyooka, ili gari "lipumue" na kupata nguvu mlimani.

Ushauri wetu ni tofauti. Pesa zikiwa chache, shilingi ya kwanza iende kwenye kuziba matundu. Ya pili iende kwenye kuupeleka mdomo wa bomba mahali panapofaa, na ya tatu kwenye kuondoa kinacholeta moshi mwingi ndani ya injini yenyewe. Mlio na nguvu za gari zije mwisho. Mpangilio huu ndio unaolinda mapafu ya watu, na pia ndio wenye gharama nafuu.

MOSHI HUU UNA NINI?

Moshi wa dizeli ni mchanganyiko wa gesi na chembechembe za masizi. Nyingi ya chembechembe hizo ni ndogo kuliko maikroni 2.5. Unywele wa binadamu una unene wa maikroni 50 hadi 70, kwa hivyo chembe hizi hazionekani kwa macho zikiwa moja moja. Kwa udogo wake hupita puani na kooni bila kuzuiliwa, zikafika kwenye vifuko vya hewa ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia katika damu.

Masizi hayo hubeba kemikali zinazoweza kuleta saratani. Mnamo mwaka 1988, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema kwamba yamkini moshi wa dizeli husababisha saratani. Mnamo Juni 2012 shirika hilo liliondoa neno yamkini. Moshi huo sasa umo katika kundi la kwanza, pamoja na moshi wa sigara, kama kitu kilichothibitishwa kusababisha saratani ya mapafu.

Kuna pia gesi za naitrojeni, ambazo huwasha macho na koo na kuamsha pumu kwa watoto na watu wazima walio na maradhi hayo. Halafu kuna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mtu hukosa hewa mwilini ingawa anavuta pumzi kama kawaida.

Ni kweli kwamba injini ya dizeli hutoa kaboni monoksaidi kidogo kuliko ya petroli. Hata hivyo, injini iliyochoka, ambayo bado ni baridi au inayomwagiwa mafuta kupita kiasi, hutoa zaidi. Ikiwa gesi hiyo inaingia chini ya turubai lililofungwa au katika kibanda cha dereva, kiasi kidogo chaweza kuleta madhara makubwa.

Tangu mwaka 2015, dizeli inayouzwa nchini imepunguziwa salfa kutoka sehemu 500 hadi sehemu 50 kwa kila milioni. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini mafuta safi hayawezi kumsaidia mtu anayelala juu ya bomba lililotoboka.

TAFUTA TUNDU

Kazi ya kwanza haihitaji pesa. Inahitaji macho, masikio na nusu saa asubuhi, gari likiwa limelala na bomba likiwa baridi. Liegeshe nje, mahali tambarare palipo wazi. Vuta breki ya mkono, toa gia, na uweke mawe au vipande vya mbao kwenye magurudumu. Ikiwa lazima gari liinuliwe, usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Lisimamishe juu ya stendi madhubuti za chuma.

Anza kwenye injini. Angalia pale ambapo manifoldi, yaani chuma kinachopokea moshi kutoka kwenye silinda, inashikana na injini. Michirizi myeusi ya masizi ni ushahidi kwamba gasketi imeungua au bolti zimelegea. Washa injini. Ukisikia mlio wa tik-tik-tik ambao hupungua injini inapopata joto, huenda ni moshi unaopenya hapo, kwa kuwa chuma kikipata joto hutanuka na kuziba ufa kwa muda.

Shuka na bomba hadi nyuma. Kagua kila kiungo, kila kona, na hasa sailensa upande wa chini. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, ambayo hutoka kama mvuke. Gari linalofanya safari fupifupi halipati joto la kutosha kuyatoa maji hayo yote, nayo hubaki ndani ya sailensa na kuila kwa kutu kutoka ndani. Kwa nje unaweza kuona chuma kizima, kumbe kimebaki chembamba kama karatasi. Kigonge polepole kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia, lakini kilichooza hutoa sauti ya kufa na kumwaga unga wa kutu.

Kuna jaribio jingine rahisi. Mara tu baada ya kuwasha injini, kabla bomba halijapata moto, mwenzako avae glavu nene na kuuziba mdomo wa bomba kwa kitambaa kizito kwa sekunde chache, huku akigeuza uso pembeni. Ekzosi nzima itasukuma kitambaa kwa nguvu na injini italemewa. Ukisikia mnong'ono wa "sss" mahali popote njiani, hapo ndipo penye tundu.

Tundu la karibu na injini ndilo la kuzibwa kwanza. Moshi wake huingia chini ya boneti na kuvutwa na matundu ya hewa yanayoelekea ndani kwa dereva. Habari njema ni kwamba gasketi ya manifoldi na bolti zake ni miongoni mwa vipuri vya bei ya chini katika mfumo mzima. Usisahau kukagua sakafu ya kibanda pia. Raba inayozunguka gia na zile zinazoziba matundu ya nyaya na pedali zikichakaa, moshi hupata mlango.

Tahadhari moja: gasketi za magari ya zamani na vitambaa vilivyofungwa kwenye mabomba huenda vina asbesto. Usivikwangue vikiwa vikavu wala kuvipulizia hewa ya pampu. Vilowanishe kwa maji kwanza, uviondoe vikiwa vizima iwezekanavyo, na uvifunge ndani ya mfuko.

BOMBA LA MAJI SI LA MOSHI

Bomba likiwa limeoza sehemu moja tu, hakuna haja ya kununua ekzosi nzima. Fundi wa jua kali anaweza kukata sehemu mbovu na kuchomelea kipande kingine. Sharti ni kwamba akate mpaka afikie chuma kizima. Kiraka kilichochomelewa juu ya kutu hakimalizi msimu. Ile dawa ya kupaka na kile kipande cha mkebe kilichofungwa kwa waya ni vya kukufikisha nyumbani tu.

Hapa ndipo urahisi huweza kugeuka sumu. Kwa kuwa bomba la maji lililopakwa zinki hupatikana kwa urahisi, baadhi ya mafundi hulitumia kutengenezea ekzosi. Zinki ikichomwa na moto wa kuchomelea hutoa mafusho meupe. Fundi anayeyavuta huenda akaenda nyumbani akiwa mzima, lakini baada ya saa chache anatetemeka kwa baridi, ana homa, kiu, kikohozi na maumivu ya viungo. Huja akafikiri ni malaria, hasa kwa kuwa kwa kawaida hali hiyo hutoweka katika siku moja au mbili, kisha humrudia akichomelea tena.

Wachomeleaji wengi huamini kwamba kunywa maziwa husafisha mafusho hayo. Maziwa ni chakula chema, lakini hupita tumboni, ilhali mafusho yamo mapafuni. Kinga ya kweli ni kufanyia kazi mahali penye upepo, kukaa upande usiopelekewa mafusho, kuvaa barakoa inayofaa kwa kazi hiyo, na zaidi ya yote kutotumia chuma chenye zinki. Mwambie fundi atumie bomba jeusi la chuma, linalouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Fundi pia avae miwani ya kuchomelea, aondoe waya wa betri kabla ya kuanza, na ahakikishe kwamba tangi na mabomba ya mafuta yako mbali na cheche.

Ikiwa sailensa imekwisha kabisa, ile iliyotumika yaweza kuokoa pesa. Ukienda barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogan, au kwa wauza vipuri wa mji wako, itingishe kabla ya kulipa. Ikicheza ndani kama kayamba, vyuma vyake vya ndani vimekatika. Iinue pia uone uzito wake, kwa kuwa iliyoliwa na kutu huwa nyepesi isivyo kawaida.

MDOMO UTOKE NJE

Pikapu nyingi za kazi zimepoteza kipande cha mwisho cha bomba. Kilikatika kwenye tuta au shimo la barabara, na mwenyewe akaona hakina kazi, maadamu gari linatembea. Kumbe kipande hicho ndicho kinachoupeleka moshi mbali na watu.

Mdomo wa bomba sharti upite ukingo wa bodi, ama nyuma ama ubavuni baada ya gurudumu la nyuma, usiishie chini ya sakafu. Kipande kifupi cha bomba, kona moja na raba mbili za kuning'inizia vyatosha. Hii ndiyo sehemu ya bei ndogo kuliko zote, nayo huwasaidia sana walio nyuma.

Lakini hata bomba kamili halifanyi sehemu ya nyuma kuwa mahali salama pa kubebea watu. Gari linapokwenda kasi, hewa iliyo nyuma yake hupungua nguvu na kuvuta moshi urudi ndani, hasa kama kuna turubai au kanopi iliyo wazi upande wa nyuma tu. Turubai linalozuia baridi ndilo hilo hilo linalozuia hewa safi. Watoto hupumua haraka kuliko watu wazima, na mama mjamzito humpumulia mtoto aliye tumboni. Hawa wasipande huko kabisa. Na hapo hatujataja hatari ya kuanguka au kuangukiwa na mizigo.

RANGI YA MOSHI INASEMA

Baada ya kuziba matundu, simama nyuma ya gari, mbali kidogo, na mwenzako akanyage mafuta. Moshi mweusi una maana kwamba mafuta ni mengi kuliko hewa. Moshi wa buluu ni oili ya injini inayoungua. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata joto ni mafuta yasiyoungua, au maji ya rejeta yanayoingia ndani ya silinda.

Mweusi ndio wa kawaida zaidi barabarani, na mara nyingi chanzo chake ni kidogo: kichujio cha hewa kilichojaa vumbi. Katika barabara zetu za murram, kichujio huziba haraka kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Kikague kila unapobadilisha oili. Chanzo cha pili ni nozeli zilizochakaa, ambazo badala ya kunyunyiza mafuta kama ukungu huyadondosha kama bomba bovu la maji. Mafundi wa pampu wana mashine ya kuzipima nozeli. Kuzipima na kuzirekebisha hugharimu fedha kiasi, lakini sehemu ya fedha hizo hurudi kwa njia ya mafuta unayookoa.

Chanzo cha tatu ni mwenye gari mwenyewe. Wengi humwambia fundi "aifungue" pampu ili gari lipande mlima kwa nguvu. Hewa ya milimani ni nyepesi. Huko Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, hewa inayoingia katika injini isiyo na turbo imepungua kwa karibu robo ikilinganishwa na Mombasa. Ukiongeza mafuta pasipo hewa ya kuyachoma, nyongeza hiyo hugeuka masizi. Wanaoyavuta ni watembea kwa miguu, wauza mahindi ya kuchoma kandokando ya barabara, na wewe mwenyewe ukiwa kwenye msongamano. Mwambie fundi airudishe pampu kwenye kipimo cha mtengenezaji.

VIPI KUHUSU BOMBA PANA?

Tusidanganyane. Bomba pana lina faida kidogo kwa gari lenye turbo, ikiwa bomba la zamani lilikuwa jembamba mno au limejikunja. Kwa injini za zamani zisizo na turbo, ambazo ndizo zilizo katika pikapu nyingi kuukuu, faida yake ni ndogo sana. Mara nyingi anayesema gari lake limepata nguvu baada ya kutoa sailensa amepata kelele tu. Au sailensa yake ilikuwa imeziba kwa kutu na masizi, na angepata nguvu hizo hizo kwa kuweka nzima.

Kelele nayo ni suala la afya. Dereva anayekaa saa nane kwa siku na ekzosi inayonguruma miguuni hupoteza usikivu polepole, na hagundui mpaka wanawe waanze kurudia maneno. Isitoshe, kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele zinahusu magari pia.

Kwa wenye pikapu za miaka ya karibuni, onyo ni moja zaidi. Mengi ya magari hayo yana kichujio cha masizi ndani ya ekzosi. Kikiziba, baadhi ya mafundi hushauri kitolewe na bomba tupu liwekwe mahali pake. Ukikubali, umeondoa kifaa kilichokuwa kikinasa karibu masizi yote. Mara nyingi kichujio hicho chaweza kusafishwa kwa gharama ndogo kuliko ya kununua kipya. Pia huziba upesi gari likifanya safari fupi tu, kwa hivyo mara moja moja liendeshe barabara kuu kwa mwendo wa kutosha ili masizi yaungue.

UKIMWONA MTU AMEZIDIWA

Dalili za sumu ya kaboni monoksaidi ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuishiwa nguvu na kuchanganyikiwa. Zinafanana na za malaria au mafua, lakini kuna mambo mawili ya kukutahadharisha. Watu kadhaa waliosafiri pamoja huumwa kwa wakati mmoja, na hujisikia nafuu wakitoka kwenye hewa safi. Mara nyingi hakuna homa.

Ukiona dalili hizo, simamisha gari, zima injini na uwatoe watu wote nje. Aliyepoteza fahamu, aliyechanganyikiwa, mjamzito au mtoto apelekwe hospitalini bila kuchelewa, hata kama anaonekana kupata nafuu. Katika hewa ya kawaida, mwili huchukua saa 4 hadi 6 kuondoa nusu ya sumu hiyo. Kwa oksijeni safi ya hospitali, muda huo hupungua hadi saa moja au moja na nusu.

Mweleze daktari au muuguzi waziwazi kwamba mgonjwa alikuwa ndani ya gari lenye moshi. Kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hudanganyika, kwa kuwa hakitofautishi damu yenye oksijeni na ile iliyoshikwa na kaboni monoksaidi. Chaweza kuonyesha kwamba yote ni shwari huku mgonjwa akizidiwa.

Na kwa wakazi wa nyanda za juu, ambako baridi ya alfajiri huwalazimu kupasha injini joto: litoe gari nje kwanza. Usiiwashe ndani ya gereji iliyofungwa, wala karibu na dirisha la chumba walimolala watoto.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Gasketi moja, kipande cha bomba jeusi, raba mbili na kichujio kipya cha hewa ni mzigo mdogo ukilinganishwa na gharama ya matibabu ya pumu au saratani. Kabla ya safari nyingine ya sokoni, inama uchungulie chini ya gari lako. Na wale vijana wa kupakua waketi mbele na dereva. Nafasi isipotosha, mmoja wao atangulie kwa matatu. Nauli hiyo iwe sehemu ya gharama ya kabichi.